Gari Lisipokuja

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Jiji lao. Taka za mji mzima zilikuwa zikimwagwa jirani na nyumba zao na kuchomwa papo hapo. Moshi uliwaingilia vyumbani, inzi walijaa kwenye vyakula, na harufu haikujua usiku wala mchana. Waliomba jambo moja tu: Halmashauri ya Jiji iache kulitumia eneo lile kama dampo.

Kuishtaki serikali kwa madai ya namna hiyo kulihitaji moyo. Haki za msingi zilikuwa zimeingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1984, lakini raia hakuweza kuzidai mahakamani mpaka Machi 1988, muda wa matazamio ulipokwisha. Mlango ulikuwa haujazoeleka. Watu wa Tabata waliugonga, nao ukafunguka: mahakama iliwakubalia. Jiji likaomba muda wa kutafuta mahali pengine, likapewa. Muda ulipokwisha likaomba mwingine.

Ombi hilo lilipofika mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira, jibu lilikuwa kali. Jaji alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuyaweka maisha ya watu hatarini. Kisha akaongeza kwamba idadi ya watu hao haibadilishi kitu. Akaishika Ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii, na akakataa kuifanya mahakama iwe mshiriki katika kuivunja.

Naomba msomaji akae kidogo na hilo la idadi. Hoja inayotumika sana katika kupanga mahali pa taka ni kwamba wachache wavumilie kwa faida ya wengi. Huonekana ni hesabu ya haki, na mara nyingi anayeipiga haishi miongoni mwa hao wachache. Jaji Lugakingira aliikataa hesabu hiyo mapema, kabla nchi haijawa hata na sheria kamili ya mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilikuja mwaka 2004, ikaleta tathmini ya athari kwa mazingira na ulazima wa kuwasikiliza wananchi.

Baada ya Tabata, Jiji liligeukia Kunduchi Mtongani. Huko nako watu walikataa. Wakazi zaidi ya 700 walifungua shauri mwaka 1991, na Mahakama Kuu ikaona kwamba mpango mji wenyewe ulilitenga eneo lile kwa makazi. Uamuzi wa kumwaga taka pale ukatenguliwa, na Jiji likaamriwa litimize wajibu wake kwa kutafuta mahali panapofaa. Taka zikaenda Vingunguti, ukingoni mwa bonde la Mto Msimbazi. Zikatoka Vingunguti zikaenda Mtoni, karibu na Mto Kizinga. Zikatoka Mtoni zikaenda Pugu Kinyamwezi, kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji.

Safari hiyo ya miaka ishirini hivi ina mengi ya kusema. Palipokuwa na watu wenye hati, wenye wakili na wenye ramani ya mipango miji mkononi, taka zilisukumwa zikaondoka. Zilitulia kwa miaka kadhaa mabondeni, kwenye makazi yasiyopimwa, ambako mtu akisimama kulalamika huulizwa kwanza na yeye mwenyewe amekaa hapo kwa kibali gani. Na kila zilipohama, barabara ya kuzifikisha ilirefuka. Sensa ya 1988 ilihesabu watu wapatao milioni 1.36 Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 5.38. Taka zimeongezeka, na dampo limekwenda mbali. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo lilipozaliwa hitaji la kituo cha kuhamishia taka.

Kituo hicho ni kama stendi: mzigo unashuka huku unapanda kule. Guta, mkokoteni, Bajaji ya mizigo na Canter ndogo huleta taka za mitaani na kuzimwaga kwenye sakafu ya zege. Kijiko huzisukuma au kuzipakia kwenye gari kubwa, na gari kubwa huzipeleka dampo. Pale pasiwe na kuzika, pasiwe na kuchoma, pasiwe na kulaza. Kituo kikifanya kazi yake sawasawa, jioni sakafu inaoshwa na watu wanafunga mlango.

Sababu ya kuwa nacho inaonekana ukipiga hesabu kidogo. Chukua gari la tani tatu linalozoa taka upande wa Sinza au Mwananyamala. Kwa foleni za Dar, kwenda Pugu na kurudi, pamoja na kusubiri zamu dampo, gari hilo likifanya safari mbili kwa siku limejitahidi. Hizo ni tani sita. Likiweza kumwaga mzigo umbali wa kilomita tatu, litafanya safari tano, yaani tani kumi na tano, na lori moja kubwa litazibeba zote kwa mkupuo mmoja. Mafuta yanapungua, matairi yanadumu, na mitaa ambayo gari lilikuwa halifiki sasa inafikiwa.

Kwa mwenye mkokoteni suala hilo ni kubwa kuliko mafuta. Yeye anatumia mgongo wake. Umbali wa kilomita mbili au tatu akiwa amebeba taka mbichi ndio mwisho wa nguvu zake. Mwekee kituo kilomita nane kutoka anakozoa, na taka zile zitaishia korongoni, mtaroni au mtoni usiku. Tumeziona zikielea kila masika Msimbazi unapofurika. Kwa hiyo kituo lazima kiwe karibu na watu. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu hakuna ujanja wa kukipeleka porini: kikienda porini kimekwisha kupoteza kazi yake.

Ndipo unapoitishwa mkutano wa hadhara wa mtaa. Watu hukaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hufungua, diwani husalimia, na ofisa kutoka halmashauri hueleza kwa lugha nzuri kwamba kituo kitakuwa cha kisasa. Akimaliza, mikono hunyooka. Atasimama mama lishe aulize wateja wake watakula vipi na inzi wale. Atasimama mzee aseme, "Mheshimiwa mwenyekiti, hili kontena la pale sokoni mlituambia litaondolewa kila siku. Leo ni siku ya ngapi?" Atasimama kijana mwenye kiwanja ambacho hajakijenga, akihofia bei yake. Mwalimu atauliza kuhusu malori na watoto wanaovuka barabara. Na ofisa, mara nyingi, ataandika kwenye ripoti yake kwamba wananchi wanahitaji kuelimishwa zaidi.

Mimi naamini yule mzee ameelimika vya kutosha, na swali lake ndilo swali la mkutano mzima. Ameona kontena au ghuba la taka likigeuka dampo dogo mbele ya macho yake. Siku ya kwanza gari halikuja kwa sababu ya mafuta. Wiki iliyofuata kijiko kiliharibika. Kisha mkandarasi akasema halmashauri haijamlipa, halmashauri ikasema wananchi hawalipi ada, na wananchi wakasema hawawezi kulipia taka ambazo hazizolewi. Wakati hao wakilaumiana, rundo lilikua likavuka ukuta wa ghuba, likafunga nusu ya barabara, na mtu akalitia moto. Aliyeahidi hakuonekana tena. Mzee akisikia neno "kituo" leo, anakumbuka rundo lile. Hana kipimo kingine cha kupimia ahadi mpya ila ahadi ya zamani.

Tukimsikiliza vizuri, tutaona kwamba ugomvi wa mahali, kwa sehemu kubwa, ni ugomvi wa muda. Watu wanauliza taka zitalala hapa kwa saa ngapi, na gari lisipokuja nani atawajibika kabla ya jua kuzama. Jibu la swali hilo likiwa wazi na likiaminika, umbali kutoka kituo hadi nyumba ya kwanza huwa jambo la kujadilika. Likiwa halipo, hata mita mia tano hazitoshi.

Muda unabeba mambo mengi kuliko tunavyodhani. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni mabaki ya chakula na majani: maganda ya ndizi, ya mihogo, ya machungwa, nyanya zilizopondeka, vichwa vya samaki. Hizo zina maji mengi, na kwenye joto la pwani huanza kuoza siku hiyohiyo. Inzi wa nyumbani hutaga mayai juu yake, na katika joto letu mayai huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Funza huhitaji siku kadhaa za kula kabla ya kutoka inzi mpya. Taka inayoondoka siku ileile huondoka na mayai yake. Ikilala wiki, imekwisha kuwafuga inzi na kuwaachia mtaa. Panya nao huhamia palipo na chakula cha uhakika, na chakula cha uhakika ni kile kilicholala. Maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye rundo huongezeka kwa jinsi rundo linavyokaa, na mvua ikinyesha juu ya sakafu isiyo na paa, yanaingia mtaroni na kutiririka hadi kisimani kwa mtu.

Na kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kula taka za mji. Sasa wametapakaa pwani yote, wanakula mayai na makinda ya ndege wa asili, na taka bado zipo. Waliodhani ndege angefanya kazi ya gari la taka walituachia mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Ndege wana nafasi yao pia katika mkasa wa Nairobi. Dampo la Dandora, lililoanzishwa miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mwaka 2007 utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliwapima watoto na vijana 328 wa eneo hilo, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Ilipopendekezwa dampo lihamie Ruai, wasimamizi wa usafiri wa anga walipinga, kwani ndege wanaofuata taka wangeweza kugongana na ndege za abiria. Hofu hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Lakini ona nguvu yake: hofu ya wasimamizi wa anga ilitosha kuzuia mpango, na risasi kwenye damu ya watoto haikutosha kulifunga dampo. Taka ziliendelea kwenda Dandora.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni matatizo ya nchi zisizo na fedha, na kwamba penye fedha huamuliwa kwa utulivu. New York inatuonyesha vingine.

Kwa zaidi ya nusu karne jiji hilo lilitegemea dampo la Fresh Kills katika kisiwa cha Staten Island, lililofunguliwa mwaka 1948. Taka zilipakiwa kwenye matishari kwenye vituo vya kando ya maji na kuvutwa hadi huko. Mwaka 2001 Fresh Kills ikafungwa, na vituo vile vya majini vikakosa kazi. Taka zikahamia kwenye malori, na malori yakaelekea kwenye vituo binafsi vya kuhamishia taka. Vituo hivyo vilikuwa vimerundikana mahali pachache: South Bronx, kaskazini ya Brooklyn, na kusini mashariki ya Queens. Wengi wa wakazi wa huko ni Weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wengi wao wa kipato kidogo. Mitaa hiyo michache ilibeba kama robo tatu ya taka za jiji lote, na pamoja nazo moshi wa dizeli mchana na usiku. Manhattan, yenye ofisi na mahoteli na matajiri, haikuwa na kituo chake hata kimoja cha taka za majumbani.

Mwaka 2006 jiji lilipitisha mpango uliojengwa juu ya wazo rahisi: kila sehemu kuu ya jiji ishughulikie taka zake. Vituo vinne vya kando ya maji vingejengwa upya, na kimoja kati yake kingekuwa mtaa wa 91 Mashariki, Manhattan, kwenye Upper East Side, miongoni mwa mitaa ya watu wenye fedha nyingi zaidi Marekani. Wakazi walipinga kwa nguvu zao zote. Walifungua kesi, wakachangishana, wakaunda vikundi vya kampeni. Sitaki kuwadharau. Barabara ya malori ya kupandia kituoni ilipita katikati ya Asphalt Green, eneo la michezo linalotumiwa na watoto wengi. Jirani kabisa kuna majengo ya nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini. Kimbunga Sandy cha mwaka 2012 kilipoinua maji ya mto, walikuwa na hoja nyingine ya kweli mikononi. Hofu zao zilikuwa zilezile za mama lishe na mwalimu wa mtaani kwetu.

Walichokuwa nacho zaidi ni uwezo wa kuchelewesha. Kituo kilifunguliwa Machi 2019, miaka kumi na mitatu baada ya mpango kupitishwa. Katika miaka hiyo yote watoto wa South Bronx waliendelea kuvuta moshi wa malori yaliyobeba taka za watu wengine. Mwaka 2018, baada ya mapambano marefu ya vikundi vya wakazi, baraza la jiji lilipitisha sheria ya kupunguza kiwango cha taka kinachoruhusiwa kwenye mitaa ile iliyoelemewa: kwa nusu kaskazini ya Brooklyn, na kwa theluthi moja South Bronx na kusini mashariki ya Queens. Sheria hiyo ilitokana na watu waliokataa kuambiwa kwamba wamezoea.

Habari haiishii hapo. Taka zinazopita mtaa wa 91 hufungwa ndani ya makontena, zikapakiwa kwenye tishari, kisha treni. Sehemu yake hupelekwa Chester, Pennsylvania, mji mdogo wenye umaskini mkubwa ambao wakazi wake wengi ni Weusi, zikachomwe kwenye tanuri ambalo wenyeji wamelipinga kwa miaka mingi. Haki iliyopatikana Bronx ilikuwa ya kweli, na mwisho wa reli kulikuwa na mtaa mwingine ambao haukualikwa kwenye mkutano. Ndiyo maana nasema mkutano wa kuamua mahali pa kituo haujakamilika kama hakuna aliyeuliza gari kubwa linakwenda wapi, na watu wa huko wanasemaje. Wakazi wa Pugu Kinyamwezi wana neno katika kila kituo kitakachojengwa Kinondoni au Temeke.

Basi halmashauri ikija na mpango kesho, wananchi wadai nini? Ningeanza na jengo: paa na kuta, sakafu inayoteremka kuelekea kwenye shimo la kukusanyia maji machafu, bomba la maji lenye maji. Lakini jengo ndilo rahisi, na ndilo linalopigwa picha siku ya uzinduzi. Kigumu ni fedha za siku ya mia nne. Kituo kinahitaji mafuta, dereva, fundi na gari la akiba kila siku ya Mungu, sikukuu na Jumapili, na fedha hizo zisitegemee mvutano wa ada ya mwezi huo. Kama bajeti ya gari hilo la akiba haipo, kituo hakijawa tayari kujengwa, hata kama zege limekwisha kununuliwa. Nadhani wananchi wana haki ya kuiona bajeti hiyo kabla ya kuonyeshwa kiwanja.

Iandikwe pia saa ya mwisho ya taka kuwepo sakafuni, na kinachofuata saa hiyo ikipita. Kinachofuata kiwe kitu kinachotokea chenyewe: mlango wa kupokea taka unafungwa mpaka zilizomo zitoke, na mwenyekiti wa mtaa ana mamlaka ya kuufunga bila kuomba kibali kwa mtu. Mamlaka hayo yatawaudhi wahandisi. Yatawaudhi hasa siku ambayo yametumika kwa haki. Bila hayo, ahadi ya kuondoa taka kila siku haina mwenyewe. Kamati ya wakazi iwe na daftari la magari yanayoingia na kutoka, lisomwe kwenye mkutano wa mtaa kama mapato na matumizi yanavyosomwa.

Njia nyingine ya kupunguza ugomvi ni kupunguza kinachokuja kituoni. Taka za chakula zikitengwa tangu jikoni, harufu kubwa na funza wengi hawafiki kabisa. Bonyokwa, Dar es Salaam, shirika la Nipe Fagio limefanya kazi na wazoa taka wa mtaa kukusanya taka zilizokwisha kutenganishwa nyumba kwa nyumba. Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichotokana na udugu wa Dar es Salaam na Hamburg. Masoko yetu ya ndizi na mboga ndiyo yangekuwa ya kwanza kulishughulikia hili, kwa kuwa taka zao tayari ni za aina moja na ziko mahali pamoja.

Kuna watu ambao sijawahi kuwaona wakipewa kiti cha mbele kwenye mikutano hii: wenye maguta na mikokoteni, na wanaookota chupa na vyuma. Wanaijua kila kona ya mtaa ambako taka hutupwa usiku na sababu yake. Wanajua mlima upi mkokoteni wenye mzigo hauupandi, barabara ipi inajaa maji, na askari gani huwazuia kupita saa za asubuhi. Mhandisi akichora kituo juu ya kilima kwa sababu kiwanja kilikuwa wazi, wao ndio watakaojua siku ya kwanza kwamba mzigo hautafika. Waitwe kabla ya ramani kuchorwa, walipwe kwa siku watakayopoteza, na waulizwe wangependa mlango ufunguliwe saa ngapi. Wengi wao huanza kazi saa kumi na moja alfajiri. Ofisi ya halmashauri hufungua saa moja na nusu.